Kura ya Mama Mkwe

Jina la mkwe wake Bi. Isabela sitalitaja kwa sasa, na msomaji asininunie. Ukikaa karibu na mama yule, hata kwa kumsimulia tu, adabu zake zinakuambukiza. Tangu binti yake Theodora aolewe, Isabela hakuwahi kulitoa kinywani jina la mume wa binti yake. Akimhitaji alisema "mkwe", au "yule bwana", na mjukuu alipozaliwa akapata nafuu kidogo, akawa anasema "Baba Cecil". Tabu ni kwamba jina lenyewe lilikuwa neno ambalo watu wa Mkunya walilisema kila siku wakiagana njiani. Basi neno hilo nalo alilifuta katika maneno yake. Wenzake wakiagana hivi, yeye aliagana vile: "Tutaonana, Mungu akipenda." Wageni walimwona mcha Mungu kupita kiasi, kumbe mama wa watu alikuwa anamkwepa mkwe.

Wala usidhani ilikuwa haya tu. Katika ukoo wa Isabela mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, hulima shamba la kina mkewe, na watoto ni wa upande wa mama. Mama mkwe akimchoka mkwe, kwa uvivu wake au kwa mkono wake mwepesi, hakuhitaji baraza wala wazee. Alisimama mbele ya watu akalitaja jina la yule mwanamume kwa sauti, basi. Mwanamume alikunja mkeka, akachukua jembe lake, akarudi kwa mama aliyemzaa. Isabela aliliona jambo hilo kwa macho yake akiwa msichana. Mama yake alimtaja mume wa dada yake asubuhi, na yule bwana aliondoka akiuacha ugali wake ukifuka moshi. Hakuna aliyejua neno la kumrudisha mtu wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulihitaji.

Mapadri walilihubiri sana jambo hili. Waumini waliitikia amina, wakatoka kanisani na mila yao kwapani, wakaenda nyumbani.

Sasa tuje kwenye baraza. Hapo zamani diwani wa Mkunya alichaguliwa na mtu mmoja, naye ni Bwana Shauri wa boma la Newala, na mambo yalikwenda kimya kimya. Kisha Serikali ikasema watu wachague wenyewe. Mara ya kwanza waliambiwa wanyooshe mikono, na kwa kuwa watu wa kule ni waungwana wasiopenda kumnyima mtu, walimnyooshea kila mgombea, wengine mikono yote miwili. Mara ya pili wakaambiwa wajipange nyuma ya mtu wamtakaye. Hapo mtu alijikuta amesimama katikati ya uwanja, huku baba yake, huku mjomba wake, wote wanamtazama. Mistari ikavunjika, fimbo zikatembea, na bwana mmoja wa Makote akarudi kwake bila meno ya mbele. Ndipo boma likaleta kura ya kunong'ona. Kila mtu ataingia bandani peke yake, amnong'oneze karani jina la amtakaye, karani atie alama, na hakuna wa kumwonea mwenzake haya. Safari hii na wanawake waliruhusiwa. Boma lilijipongeza kwa akili hiyo, lakini waliokata shauri hilo walikuwa watu wasio na mama wakwe karibu.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza Bartholomayo, mtoto wa katekista, mwenye lori. Wakati wa kiangazi lori lile lilipanda na mapipa ya maji kutoka bondeni, na maji yakauzwa kwa debe. Hakuwa mtu mbaya. Aliyeshindwa kulipa alimkopesha, na kwenye misiba alitoa pipa zima bure. Lakini kila alipopiga hesabu ya maisha yake, alianza na kiu ya jirani zake.

Wa pili alikuwa mkwe wa Isabela, fundi seremala. Yeye hakuwa na lori. Alikuwa na msumeno, randa, na ule mgongo wake ambao Isabela hakuweza kuutazama bila kumkumbuka Ethel.

Ethel alikuwa binti yake mdogo. Kule juu hakuna kisima wala kijito. Maji yako chini ya mteremko, na wanawake huyafuata alfajiri na mitungi kichwani, wakishikilia mizizi kwa vidole vya miguu wakati wa kupanda. Ethel aliteleza akiwa mjamzito. Wanaume wengine walikuwa bado wanashauriana juu ya kukata miti ya machela, mkwe akashuka peke yake, akambeba shemeji yake mgongoni mpaka nyumbani, akamlaza penye mkeka wa mama yake. Ethel alikuwa amekwisha kukata roho. Tangu siku hiyo yule bwana alijitengenezea mzega, akaning'iniza debe huku na debe huku, akawa anateka maji mwenyewe kama mwanamke. Wenzake walicheka mpaka wakachoka. Debe moja alimpelekea mkewe, la pili aliliweka nyuma ya jiko la mama mkwe, akakohoa, akaenda zake. Isabela naye alikohoa kutoka ndani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na kwa jinsi alivyompenda kijana yule, Isabela aliona yanatosha.

Boma lilikuwa limesema kwamba litaleta mashine ya kuyasukuma maji kutoka bondeni, na baraza ndilo litakaloamua mabomba yaanzie wapi. Bartholomayo alisema wazi kwenye mikutano kuwa yaanzie mjini Newala, Mkunya isubiri zamu. Mkwe alisema yaanzie kwenye mteremko ulioua. Hakusema zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuwa msemaji, akakaa.

Siku ya kura jua liliwaka tangu mapema. Ilikuwa kiangazi, mabibo yanaanza kuiva, na upepo ulileta harufu yake mpaka uwanja wa shule. Banda la makuti lilikuwa limesimamishwa katikati; ndani yake meza, na mezani karani Fikirini, kijana wa Lindi, mwenye kanzu safi na heshima zake. Bwana Shauri alikaa nyuma yake kwenye kiti cha kukunja. Wanaume walipanga foleni upande mmoja, wanawake upande wa pili. Wagombea walisimama mbali, kwenye milingoti ya goli, kila mmoja na mlingoti wake, maana amri ilikuwa wasisogee.

Isabela alikaa kivulini na wazee wenzake, akisubiri foleni ipungue. Moyo wake ulikuwa mtulivu. Wanawake wa ukoo wake walikuwa wengi, na wote walikuwa wameahidi. Waliingia bandani mmoja mmoja, wakatoka wakijifunga kanga upya, wakionea fahari mambo yao.

Mdogo wake Julia alitoka akicheka, akaja kuketi karibu naye. Akamsimulia jinsi karani alivyo na adabu, ameamkia kwanza, kisha akainama kama anayeungama. Yeye akamnong'oneza, "Baba Cecil." Karani akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa mama, wa lori," akatia alama.

Isabela aliacha kujipepea.

"Kasema wa nini?"

Julia akarudia, na katikati ya kurudia kicheko kikamtoka usoni. Ni kwamba Cecil walikuwa wawili. Mkunya ilikuwa na padri Mzungu wa jina hilo, mzee mpole mwenye tabia ya kuwapa watoto pipi, na Pasaka moja alibatiza watoto wawili wa kiume ambao wazazi wao wote walitaka kumfurahisha. Mmoja alikuwa mjukuu wa Isabela. Wa pili alikuwa mtoto wa Bartholomayo. Kijijini hakuna aliyewachanganya; ukisema Baba Cecil uani kwa Isabela, kila mtu alijua ni nani, kama walivyojua uani kwa Bartholomayo. Lakini karani hakuwa mtu wa uani. Kule boma alimjua Baba Cecil mmoja tu, yule anayewabebea mizigo kwa lori.

Na kila mwanamke wa ukoo wa Isabela aliyeingia bandani tangu asubuhi alikuwa amesema Baba Cecil. Angesema nini kingine? Mkwe wa Isabela ni mkwe wa wote; dada zake Isabela ni mama wakwe, na mabinti zao nao wana adabu zao. Asubuhi nzima wamemchagua Bartholomayo kwa midomo yao wenyewe, na wametoka wakicheka.

Isabela akamtuma Julia arudi mbio akaeleze. Julia akaenda, akasimama mlangoni mwa banda, akaonekana akinyoosha mikono huku na huku, na Bwana Shauri akainuka kitini, wakazungumza na karani kwa Kiingereza. Aliporudi alikuwa anatembea polepole, na Isabela akajua. Karani ameomba radhi, hakujua kama wako wawili. Kuanzia sasa Baba Cecil hataandikwa popote. Wala hakuna kusema fundi, wala mume wa Theodora, wala yule aliyesimama mlingoti wa kushoto. Amri inasema jina lililosomwa mkutanoni, basi. Na kura zilizokwisha kuandikwa hazifutwi.

Habari ikapita kwenye foleni ya wanawake, ambao zaidi ya nusu walikuwa bado hawajaingia, na foleni ikasimama. Aliyekuwa mbele aliingia, akakaa kimya mbele ya karani, akatoka bila kura. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hakuingia kabisa, akajitwika kapu lake akaondoka. Upande wa wanaume mambo yaliendelea, nusu huku na nusu kule, kama ilivyotazamiwa. Kule golini Bartholomayo alikuwa akitafuna korosho moja moja. Alizaliwa Mkunya, alijua kilichotokea, na wala hakuwa na haja ya kutabasamu.

"Kama kuna wa kusema, ni wewe," Julia alisema, macho chini. "Mkwe ni wako, dada. Mimi nikimtaja nitakuwa nimekufukuzia mtu wako, na hilo silithubutu. Ila wewe ukisha kumtaja, sisi wengine tunaweza. Aliyefukuzwa hafukuzwi mara mbili."

Ndivyo ilivyokuwa, na Isabela alikuwa amekwisha kuliona hilo kabla Julia hajafungua mdomo. Mwanamke mmoja tu uwanjani pale angeweza kuwafungulia wengine mlango, na ufunguo wake ulikuwa kumtoa nyumbani kijana aliyembeba Ethel. Alimkasirikia karani. Alimkasirikia Padri Cecil na pipi zake, Mungu amrehemu. Zaidi ya wote alimkasirikia mama yake mwenyewe, kwa wepesi ule aliomtaja nao yule bwana asubuhi ile, kama anayemfukuza kuku penye mtama.

Theodora akaja akipita pembeni mwa uwanja, kanga imemkaa vibaya kwa haraka. Mume wake alikuwa amemwita kwa ishara, akampa maneno ampelekee mama. Akayasema kama alivyopewa, huku akitazama ardhi.

"Anasema usithubutu, mama. Anasema kiti cha baraza si mke wala si mtoto. Mwache Bartholomayo apate, yeye ataendelea kuteka maji na mzega wake mpaka azeeke."

Isabela alitazama kule golini kwa pembe ya jicho, maana kumtazama mkwe usoni nako kulikuwa na mipaka yake. Yule bwana alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama watu wanavyosimama kaburini.

"Na wewe unasemaje?" akamwuliza binti yake.

Theodora alitengeneza kanga yake, akaikaza, akailegeza tena.

"Mimi nina mimba, mama," akasema. "Nilikuwa sijakwambia."

Jibu hilo lilikuwa na ncha mbili, na zote zilimchoma Isabela. Mwanamke mwenye mimba anamhitaji mumewe, hilo la kwanza. La pili, mwanamke mwenye mimba ataushuka mteremko ule ule, kwa njia ile ile, na mzega wa mwanamume mmoja hauwezi kuwanywesha watu wote wa uani. Theodora mwenyewe hakujua anaomba lipi. Aliyasema yale kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo.

Askari wa boma alikuwa amesogea kwenye kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni, nyundo mkononi, akimtazama Bwana Shauri. Kengele ikigongwa, meza inafungwa.

Isabela akainuka. Akamwambia Theodora akae kivulini, asitembee juani. Kisha akauvuka uwanja, na wanawake waliokuwa wamebaki kwenye foleni wakampisha bila kuambiwa.

Karani Fikirini aliinuka kidogo kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akamwomba asogee, amnong'oneze jina la mtu anayemtaka. Isabela akainama mezani. Alisikia harufu ya wino na ya mafuta ya nywele ya kijana yule. Neno lilikuwapo, limekaa pale pale chini ya ulimi lilipokaa miaka yote, ila ulimi ulikuwa umesahau njia. Akalinong'ona.

Karani akatabasamu kwa upole. "Ndiyo hivyo, mama, kila jambo ni kwa uwezo wake Mola. Sasa nipe jina."

Isabela hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na damu ikampanda kichwani. Kijana yule alidhani anaomba dua. Tangu asubuhi alikuwa amewasikia vikongwe wakimtaja Mungu mezani pake kabla ya kusema haja zao, na hili akaliona ni lile lile. Akalinong'ona tena, midomo karibu iguse sikio lake.

"Inshallah, mama," akasema Fikirini, bila dhihaka hata chembe. "Lakini unamtaka nani?"

Askari akainua nyundo. Mara mbili amelisema jina la mkwe wake, mara mbili amemtupa nje ya nyumba, na kwenye karatasi ya karani hakuna alama. Isabela akaona kama anadhihakiwa na dunia nzima. Akanyooka, mkono mmoja kiunoni, akamtazama kijana yule usoni, na kwa sauti ile ile ambayo mama yake aliitumia uani akasema:

"Majaliwa. Namtaka Majaliwa, mume wa binti yangu."

Uwanja mzima ulisikia. Bartholomayo akaacha kutafuna. Fikirini akatia alama upesi. Kule golini Majaliwa alisimama kwa muda akiitazama kofia yake. Kisha akaivaa, akageuka, akashika njia ya nyumbani. Hakwenda kwa hasira. Alikwenda kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

Theodora aliketi chini kwenye vumbi, akafunika uso.

Isabela alipotoka bandani, Julia alikuwa amekwisha kuingia. "Majaliwa," akasema, wala hakunong'ona. Akaja mwingine, na mwingine. Wale waliokuwa wameondoka waliitwa njiani, wakarudi na makapu yao vichwani. Bwana Shauri alimzuia askari kwa kidole, kwa kuwa kanuni ilisema aliye kwenye foleni asifungiwe mlango. Jina lile likatoka bandani tena na tena, kwa midomo ya wanawake ambao hawakuwahi kulisema, na kila lilipotoka Isabela alilisikia likimpiga kifuani. Hakuna aliyecheka. Wengine walitoka wanalia, na wanaume walijifanya kutazama mawingu ambayo hayakuwapo.

Kura zilihesabiwa pale pale. Jua lilikuwa linainama Bwana Shauri aliposimama na kutangaza, kwa Kiswahili chake cha kukanyaga kanyaga, kwamba diwani wa Mkunya ni Bwana Majaliwa. Akamwita aje kushikwa mkono. Akamwita tena. Watu walitazamana. Mwishowe ni Bartholomayo aliyesogea, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba diwani hayupo, amefukuzwa na mama mkwe wake. Bwana Shauri akauliza amemfukuza kwa kosa gani. Bartholomayo akafikiri, akasema hakuna kosa. Bwana Shauri akataka kujua kama mama mkwe ana malalamiko juu ya uchaguzi, na kama anayo ayaandike. Bartholomayo akamwachia hapo hapo.

Isabela hakusubiri hayo yote. Alikuwa njiani, akitembea kwa kasi ambayo magoti yake hayakuijua. Nyuma yake waliongozana Julia na wanawake wengine, kwa mbali, kama watu wafuatao jeneza. Alikuwa akilitafuta neno. Mkwe hawezi kuambiwa "baki", kwa kuwa mdomo uliokwisha kumtaja hauna tena amri juu yake. Hawezi kuambiwa "samahani", maana mama mkwe haombi radhi kwa mkwe, na hata angeomba, yeye angeziba masikio kwa aibu. Alipekua maneno yote ya mama yake na ya bibi yake, hakulipata. Wote walijua kufukuza.

Alimkuta uani. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa kamba, jembe limepitishwa katikati, sanduku la vyombo vya useremala liko miguuni. Theodora alikuwa amefika kabla yao, amesimama mlangoni na mkono juu ya tumbo. Majaliwa alimwona mama mkwe anakuja, akageuka upande kama alivyogeuka siku zote. Isabela naye akazunguka mpaka nyuma ya jiko, akasimama pale debe la maji lilipowekwa kila asubuhi. Ukuta wa jiko ulikuwa katikati yao. Wanawake walisimama nje ya ua, wakashika miti ya uzio.

Akamsikia akijitwika mkeka. Kamba ililia, jembe likagonga sanduku. Halafu kikohozi. Kilikuwa kikohozi chake cha alfajiri, cha kuweka maji na kwenda zake, na sasa kilikuwa cha kuaga tu.

Isabela alipaswa kukohoa, jambo liishe. Badala yake aliuweka mkono ukutani, kwenye udongo ambao jua lilikuwa limeupasha moto siku nzima, na mdomoni mwake likaja lile neno ambalo kila mtu wa Mkunya huagana nalo njiani, na ambalo yeye alikuwa amejinyima tangu siku ya mahari.

"Haya, baba," akasema. "Tutaonana majaliwa."

Wanawake wa nje ya uzio walisikia. Baadaye waligombana juu ya neno hilo kwa miaka, na mpaka leo ukitaka ugomvi Mkunya liulize. Wengine wanasema alimtaja mara nyingine, kwa hiyo alimfukuza mara nyingine. Wengine wanasema hakumtaja mtu, alimuaga tu kama binadamu anavyomuaga mwenziwe. Julia ndiye aliyesema kweli, kwa maoni yangu: anayefukuzwa haambiwi tutaonana.

Majaliwa alisimama na mkeka wake begani. Upande wa pili wa ukuta Isabela alisikia anapumua kwa nguvu.

"Tutaonana, mama," akasema. Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumwambia.

Akautua mkeka, akauegemeza mlangoni karibu na miguu ya Theodora. Akachukua mzega wake ukutani na madebe yake mawili matupu, akatoka uani mbele ya watu wote, kama ilivyompasa mtu aliyetajwa. Wanawake wakampisha. Akaifuata njia ya mteremkoni mpaka mikorosho ikamficha.

Isabela hakuingia ndani. Aliketi pale pale nyuma ya jiko, mgongo ukutani. Watu walimletea mihogo ya kuchoma, hakula. Julia akataka kumshika mkono waende, akaukataa. Jua likazama, na mbalamwezi ilikuwa haijapanda bado aliposikia maji yakicheza kwenye madebe, na nyayo za mtu mwenye mzigo mzito. Debe likatuliwa chini taratibu, mahali pake pa siku zote, upande wa pili wa pembe ya ukuta, karibu sana kiasi kwamba maji yaliyomwagika yaliufikia mguu wake.

Mkwe akakohoa.

Isabela alijaribu kukohoa, kilio kikamtoka badala yake. Alisubiri kipite, akajifuta uso kwa kanga, kisha akakohoa vizuri, ili yule bwana asikie na aingie kwa mkewe.